Msimu Unaovunjika Njiani: Kandanda ya Madaraja ya Chini kati ya Mtwapa na Malindi

Historia ya kandanda katika Pwani ya Kenya imezoeleka kuandikwa kwa kuwafuata mabingwa, ilhali klabu nyingi zilizoundwa kati ya Mtwapa na Malindi hazikuwahi kuukaribia ubingwa wowote, na misimu yao ilimalizikia katikati au mkiani mwa jedwali bila kuacha kumbukumbu nyingi zaidi ya jezi zilizochakaa na deni la nauli. Madaraja ya chini, yaani ngazi zote zilizo chini ya Ligi Kuu, kuanzia Ligi ya Supa ya Taifa na kuteremka kupitia Daraja la Kwanza na la Pili hadi ligi za kaunti na za kaunti ndogo, ndiko wachezaji wengi wa Kilifi, kaunti yenye miji hiyo miwili, wanakoanzia na ndiko wanakomalizia. Uchache wa vipaji hautoshi kueleza matokeo mabaya ya klabu hizo. Sababu iliyo nzito zaidi ni kwamba uchumi wa miji ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi haukujenga mwajiri wa kuibeba taasisi inayodai fedha kila wiki kwa miezi mingi mfululizo.

Kandanda iliingia Pwani zama za ukoloni kupitia shule za misheni, reli, bandari na ofisi za serikali, ikastawi kwanza Mombasa kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na vijana wengi waliolipwa mishahara na waajiri walioona fahari kuwa na timu. Uhusiano huo wa mchezo na mfuko wa mwajiri au mfanyabiashara ulikuwepo tangu mapema, kwani hata Kombe la Gossage, ambalo Kenya na Uganda zilianza kulishindania mwaka 1926, lilibeba jina la kampuni ya Uingereza iliyotengeneza sabuni.

Ligi ya taifa ilipoanzishwa mwaka 1963, uwakilishi wa Pwani ulikuwa mikononi mwa klabu za Mombasa, na mwaka 1965 Feisal ilitwaa ubingwa ambao hakuna klabu nyingine ya Pwani iliyoutwaa hadi leo. Bandari, klabu ya Mamlaka ya Bandari ya Kenya, ndiyo iliyoukaribia baadaye, kwani ilimaliza ya pili katika msimu wa 2018 na tena katika ule wa 2018/19. Hata hivyo, mwaka unaofundisha zaidi ni 2011, ambapo Bandari na Congo JMJ United, nayo ya Mombasa, zilishushwa daraja pamoja, yaani ziliondolewa Ligi Kuu kwa kumaliza katika nafasi za mwisho, na ligi ya 2012 ikachezwa bila klabu hata moja kutoka Pwani. Bandari ilirejea mwaka 2013, baada ya msimu mmoja tu, lakini mwenzake hakurudi tena katika Ligi Kuu. Klabu zote mbili zilianguka siku zilezile na kutoka mji uleule wenye vijana wenye kiu ileile ya mpira, ila moja ilikuwa na mwajiri aliyeendelea kulipa mishahara hata baada ya aibu, na nyingine ilibaki kutegemea nguvu za wafadhili na mashabiki.

Mtwapa haikuwahi kuwa na mwajiri wa aina hiyo. Ingawa makazi ya kale ya Jumba la Mtwana, yaliyostawi katika karne ya 14 na kuhamwa katika karne iliyofuata, yanathibitisha ukale wa ufuo huo, mji wa leo ni zao la barabara kuu, hoteli za kitalii, kituo cha utafiti wa kilimo, mashamba ya minazi na, zaidi ya yote, nyumba za kupanga kwa watu wanaofanya kazi Mombasa, iliyo mwendo wa kilomita 16 hivi. Sensa ya 2009 ilihesabu zaidi ya wakazi 48,000, na ile ya 2019 zaidi ya 90,000, ongezeko ambalo katika mji wenye viwanda lingezaa timu za makampuni, lakini ambalo Mtwapa lilizaa zaidi wapangaji, wahudumu wa hoteli, waendesha bodaboda na mafundi wa ujenzi, watu wenye mapato ya msimu. Utalii wenyewe hupwa wakati wa mvua za masika, na umewahi kupigwa na misiba mizito, kama ghasia za Likoni za mwaka 1997 na shambulio la bomu katika hoteli ya Kikambala, kaskazini kidogo mwa Mtwapa, Novemba 2002. Biashara inayoifadhili timu ya mtaa ikifunga milango, timu nayo huyumba.

Namna msimu wa klabu kama hiyo unavyovunjika hufuata mkondo unaojulikana vyema. Mechi za nyumbani huchezwa alasiri katika viwanja vya shule, kwenye ardhi ya mchanga na mawe ya matumbawe, mistari ikiwa imechorwa kwa chokaa au jivu, na kwa kuwa hakuna ukuta wala lango, hakuna kiingilio kinachokusanywa. Mashabiki huchanga wanachoweza kwa kofia inayopitishwa. Fedha hizo ndizo zinazotarajiwa kuwalipa waamuzi, kununua maji na dawa, na kukodi matatu ya kuipeleka timu ugenini, na ugenini katika ukanda wa Pwani wenye kaunti sita za Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta huweza kuwa Ukunda wiki hii na Voi wiki ijayo. Timu ikishindwa kusafiri, mpinzani hupewa ushindi wa mezani, yaani alama tatu zinazotolewa bila mpira kuguswa, na safari mbili tu zilizokosekana humaanisha alama sita zilizopotea, pengo linaloweza kuitoa klabu katika mbio za kupanda daraja na kuitupa katika hofu ya kushuka. Hapo ndipo wachezaji bora, ambao hawana mikataba ya maana, wanapohamia Mombasa, au wanapochagua mashindano mafupi ya mtoano yanayoandaliwa na wanasiasa, ambako zawadi hutolewa papo hapo siku ya fainali. Anayepanda naye hukuta mzigo mkubwa zaidi, kwa maana Ligi ya Supa ya Taifa huweza kuipeleka klabu ya Pwani hadi magharibi mwa nchi, safari ya zaidi ya kilomita 800.

Juu ya udhaifu huo wa ndani kuliongezwa misukosuko iliyotoka katika uongozi wa mchezo. Mwaka 2020 ligi zilikatizwa na janga la korona. Novemba 2021 serikali ililivunja Shirikisho la Kandanda la Kenya na kuweka kamati ya muda, FIFA ikaisimamisha Kenya Februari 2022, na uongozi wa shirikisho uliporejeshwa mwishoni mwa mwaka huo, matokeo ya msimu wa 2021/22 yalitangazwa kuwa batili, hata APS Bomet na Fortune Sacco zilizokuwa zimejipatia nafasi ya kupanda Ligi Kuu zikanyimwa. Ikiwa klabu zenye majina na mawakili zilipoteza jasho la mwaka mzima kwa tangazo moja, ni rahisi kuelewa kwa nini mfadhili mdogo wa Mtwapa husita kuchangia nauli ya msimu unaofuata.

Kaunti hiyohiyo ya Kilifi, hata hivyo, inatoa mfano wa mpango uliodumu. Moving the Goalposts, shirika lililoanzishwa Kilifi mwaka 2001 ili kuwawezesha wasichana kupitia kandanda, limeishi zaidi ya miongo miwili kwa sababu liliutanguliza muundo kabla ya ubingwa: wasichana wenyewe hufunzwa ukocha, uamuzi na uongozi, ligi huendeshwa karibu na vijiji vyao, na fedha hutafutwa kwa mipango ya miaka badala ya kofia ya Jumapili.

Katiba ya 2010 iliziachia serikali za kaunti shughuli na vifaa vya michezo, kwa hiyo lawama na wajibu havina budi kuelekezwa huko pia. Mji wenye watu zaidi ya 90,000 unastahili uwanja wenye ukuta na lango, ili kiingilio kikusanywe, na klabu zake zinastahili mfuko wa usafiri unaotangazwa kabla ya ratiba kutolewa. Hadi hayo yatakapofanyika, kumlaumu kocha kwa msimu mbaya kutakuwa ni kumwonea.