Kuomba Shauri kwa Usiowajua Mtandaoni: Maswali ya Bulla Pesa na Majibu Yake

Kuomba shauri mtandaoni ni kuandika swali la maisha ya kila siku, liwe la afya, ndoa, kazi, mifugo au karatasi za serikali, mahali ambapo wengi wa wasomaji huwajui wala hawakujui, kisha ukangoja wajibu. Makala haya yanaeleza desturi hiyo ilikotoka, maswali yanayofaa kuulizwa hivyo, yale yenye hatari, na mahali pa kwenda swali linapokuwa zito. Mifano ni ya Bulla Pesa, mjini Isiolo.

Mahali penyewe

Bulla Pesa ni mojawapo ya wadi kumi za Kaunti ya Isiolo, katika eneo bunge la Isiolo Kaskazini. Neno "bulla" ni la mitaa ya kaskazini. Garissa nako kuna Bulla Iftin. Isiolo iko kwenye barabara kuu ya Nairobi kwenda Moyale, na mjini hukutana Waborana, Wasomali, Waturkana, Wameru, Wasamburu na wengineo. Nyumbani kila mtu ana lugha yake, lakini sokoni na kwenye simu lugha ya wote ni Kiswahili. Ndiyo sababu swali lililoandikwa Bulla Pesa usiku huweza kujibiwa na mtu wa Kisauni, Lamu au Tanga kabla ya alfajiri. Nasi wa Pwani tumo humo, kama waulizaji na kama wajibuji.

Desturi si ngeni

Kumwuliza usiyemjua kulianza kabla ya simu. Gazeti la serikali la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha barua za wasomaji kutoka kila pembe. Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 ili kuwaelekeza Waislamu wa Pwani katika dini na maisha. Taifa Leo nayo ina Shangazi, ambaye msomaji humwandikia mambo ya mapenzi na ndoa asiyoweza kuyasema kwao. Tanzania, JamiiForums iliyoanza mwaka 2006 ina kumbi maalumu za mahusiano na za afya, na humo watu huuliza kwa majina ya kubuni.

Kilichobadilika ni mlango. Zamani barua ilipita kwa mhariri au kwa sheikh, na aliyejibu alijulikana kwa jina. Leo kila jibu hupita moja kwa moja, la daktari na la mzaha yakiwa pamoja, na hakuna anayeyadhamini.

Kwa nini mgeni, si jirani?

Sababu ya kwanza ni siri. Katika mtaa ambao watu wanajuana, swali la asubuhi kuhusu mume asiyeleta matumizi laweza kufika kwa mawifi kabla ya magharibi. Mgeni hana wa kumwambia. Wazee walisema mficha uchi hazai, na kwa wengi mtandao umekuwa mahali pa kutouficha bila kufedheheka.

Ya pili ni ujuzi. Jirani anakupenda, lakini huenda hajawahi kufanya kazi Riyadh wala kufuga ngamia. Kati ya wageni elfu moja, huenda yuko aliyepitia jambo hilohilo.

Maswali matatu mazito

Homa inayorudi. Tuseme mtu anaandika: "Nina homa mwezi wa pili, natoka jasho usiku, viungo vinauma. Ninywe nini?" Kumi watamwambia ni malaria na watamtajia dawa. Lakini Isiolo ni mji wa maziwa ya ngamia, ambayo husafirishwa hadi Nairobi, na wengi huyanywa bila kuchemsha. Dalili hizo huweza kuwa za bruselosi, ugonjwa unaotoka kwa wanyama kwa njia ya maziwa mabichi, au kwa kugusa mnyama anapozaa au kutupa mimba. Huwezi kuutofautisha na malaria kwa kusimuliwa. Lazima damu ipimwe. Tiba yake kwa kawaida ni dawa zaidi ya moja kwa wiki sita hivi, na anayeacha akipata nafuu hurudiwa. Jibu bora la mgeni hapa halina jina la dawa: "Nenda hospitali, na umwambie daktari kwamba unakunywa maziwa mabichi." Sentensi hiyo ya pili ndiyo yenye thamani, kwa kuwa mgonjwa aghalabu haisemi asipoulizwa.

Kitambulisho. Kwa miaka mingi waombaji wengi wa kaskazini mwa Kenya, hasa Wasomali, walipelekwa kwenye kamati za kuhojiwa kabla ya kupewa kitambulisho, na vijana wakakaa bila kazi wala laini ya simu kwa jina lao. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tamko la kuondoa mahojiano hayo kwa kaunti za mpakani. Ukiuliza leo utaratibu ukoje, aliyechukua chake mwaka 2015 atakujibu kwa kweli yake, lakini kweli hiyo imepitwa na wakati. Kwa hiyo kila jibu kuhusu karatasi za serikali lina swali la pili: "Wewe ulifanya lini?" Kisha thibitisha kwa chifu, ofisi ya usajili wa watu au Huduma Centre.

Kazi ya Ghuba. Msichana ameahidiwa kazi ya nyumbani Saudia na anauliza kama wakala ni wa kweli. Hatari hapa ni mbili: wajibuji wengine ni mawakala wenyewe kwa majina mengine, na ukaazi wa mfanyakazi wa nyumbani kule umefungwa kwa mwajiri wake, hivyo kosa linalofanyika Isiolo ni vigumu kulirekebisha akishafika. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, ndiyo inayosajili mashirika ya kupeleka watu kazini ng'ambo. Jina la wakala litafutwe humo kwanza. Wageni waulizwe yale ambayo orodha haisemi: mkataba ulisomwa kwa lugha gani, simu iliruhusiwa, mshahara ulifika tarehe ngapi. Anayeambiwa asafiri kwa viza ya matembezi ili aende kufanya kazi asikubali.

Namna ya kuuliza

Swali likiwa finyu, jibu huwa na manufaa. "Mbuzi wangu anaumwa" halijibiki. "Mbuzi wa miaka miwili, hali tangu juzi, anaharisha, wengine wawili wameanza" linajibika, na daktari wa mifugo akilisoma atajua kama ni jambo la kumfanya aje mbio.

Sema umri, muda na ulichokwisha kujaribu. Usitaje jina, namba ya nyumba, shule ya mtoto wala kabila la mke; katika mji mdogo, mambo matatu madogo yakiwekwa pamoja yanatosha kukutambulisha. Usiweke picha ya kitambulisho, pasipoti au karatasi ya hospitali. Picha ya mtoto mgonjwa mtumie daktari peke yake.

Namna ya kupima jibu

Mwamini zaidi anayeeleza alivyojua kuliko anayeamuru. Anayesema "sijui, lakini kwangu ilikuwa hivi" mara nyingi ni mkweli kuliko anayesema "hiyo ni kitu rahisi." Majibu ishirini yanayofanana si ushahidi ikiwa wote wamenakili la kwanza.

Mshuku anayekukimbiza faraghani. Ukiuliza habari za bima mpya ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, akatokea mtu wa kukusaidia "kwa ndani" akiomba namba yako ya siri au namba iliyoingia kwenye simu sasa hivi, huyo ni mwizi. Kujisajili hakuna malipo na unaweza kujifanyia kwa *147#. Ujumbe wa utapeli unaoingia laini ya Safaricom utume 333. Pesa za M-PESA zilizokwenda kwa mtu siye, ujumbe wake utume 456 bila kuchelewa.

Yasiyongoja majibu

Mtoto aliyekunywa sumu, mja mzito anayetokwa na damu, aliyeumwa na nyoka, mtu anayesema anataka kujiua: haya hayaandikwi mtandaoni kwanza. Mgonjwa apelekwe hospitali, na anayetaka kujiua asiachwe peke yake. Kwa mtoto anayedhulumiwa kuna simu 116, na kwa anayepigwa au kunajisiwa kuna 1195. Zote ni za bure.

Kwa anayejibu

Tukumbuke kwamba anayeuliza hatuoni machoni, na huenda atafanya tulichomwambia usiku huohuo. Kama hujui, pita kimya. Kama unajua, sema umejuaje na lini. Na mwanamke wa Bulla Pesa akiandika saa sita usiku kwamba ameshindwa, kabla ya kumpa fatwa au kumcheka, mwulize kama watoto wamekula na kama yuko mahali salama. Hilo halihitaji ujuzi wowote.