Mbuni, Kiboko na Magendo: Maneno ya Kahawa Nchini Uganda

Wanafunzi wetu hupata taabu na neno mbuni. Mbuni mwenye mbio ni ndege, mbuni anayebuni ni mtu, na mbuni wenye maua meupe yanayonukia kama asumini ni mti wa kahawa, wingi wake mibuni. Makala haya yanahusu huo wa tatu.

Tusidhani kwamba kahawa yote ya Uganda ililetwa na wakoloni. Iliyoletwa ni arabika. Robusta huota yenyewe katika misitu kama ule wa Kibale. Waganda, sawa na Wahaya wa Kagera, walikuwa na mibuni yao kabla ya Wazungu kufika, ila hawakuinywa kahawa, waliitafuna. Walichuma buni mbichi, wakazichemsha pamoja na majani ya harufu nzuri, kisha wakazikausha. Buni zilitumika pia katika kuchanjiana. Tunda moja lina punje mbili: kila mmoja aliipaka punje damu yake, akampa mwenzake ameze. Udugu huo Waganda huuita omukago.

Baadaye buni ikawa zao la biashara, na Kiswahili kikaingia shambani. Robusta iliyokaushwa na maganda yake huitwa kiboko hadi leo. Wapo wanaolihusisha jina hilo na mjeledi uliowalazimisha wakulima kupanda.

Neno zito zaidi ni magendo. Mwezi Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ya dunia ikapanda sana hadi 1977. Serikali ya Idi Amin iliwalipa wakulima kidogo, tena kwa shilingi isiyo na bidhaa ya kununua. Magunia yakavushwa hadi soko la Chepkube, Kenya, ingawa amri ya 1975 iliunda mahakama maalumu iliyoweza kutoa hukumu ya kifo. Husemwa kwamba Kiswahili cha Uganda ni lugha ya kambini tu. Kwa maoni yetu neno hili linapinga: lilikuwa vinywani mwa watu waliokuwa wakiwakwepa askari.

Ugonjwa wa mnyauko, ulioonekana Uganda mwaka 1993, uliua robusta nyingi mno. Watafiti wa Kituza walipata aina zinazoustahimili. Lakini robusta haijichavushi yenyewe, hivyo mche wa mbegu haufanani na mama yake. Aina hizo hukuzwa kwa vipandikizi.