Freni ya Hilux ndani ya Datsun: historia ya kupandikiza vyuma



Huku Ankoro, fundi akifunga pyesi ya gari mpya ndani ya gari ya zamani, watu wanasema: «Ni shida tu inamusukuma.» Sisi wenye diplome ndio tunacheka wa kwanza. Mimi naona historia inatuambia kingine: kazi ile ni elimu, na iko na sheria zake. Tuchukue mfano wa gari moja ya mbio, Datsun 240Z.

Ilitoka Japani mwaka 1969: milango miwili, silinda sita kwa mstari mmoja, lita 2.4, nguvu za farasi kama 150, uzito wa tani moja na kidogo. Marekani waliipenda juu ya bei yake. Lakini sifa ya gari ngumu iliipata huku Afrika, ndani ya Safari Rally. Mashindano hayo yalianza 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika (ile nchi, si provense yetu). Njia ilikuwa vumbi, mawe, na matope ya mvua za Pasaka. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda na 240Z, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akafika wa pili na gari ya namna ile ile. Mwaka 1972 Idi Amin akafukuza Waasia Uganda, Mehta akahamia Kenya. Mwaka 1973 akashinda yeye mwenyewe, tena na 240Z.

Sasa munisikilize vizuri. Gari hiyo yenye sifa ilitoka kiwandani na freni za diski mbele tu. Nyuma ilikuwa tamburi. Kwa wakati ule ilitosha. Lakini ukiongeza mwendo mara mbili, freni inapaswa kumeza nguvu mara nne, na nguvu ile yote inageuka moto. Tamburi inafunga joto ndani, freni inachoka, mguu unakanyaga na gari inaendelea kwenda.

Dawa ilitoka kwa mdogo wake. Mwaka 1978 kiwanda kilitoa 280ZX, yenye diski kwa magurudumu yote manne, na zile za mbele ziko na nafasi katikati ya kupitisha hewa. Wenye 240Z wakaanza kuchukua diski za nyuma za 280ZX na kuzifunga kwa gari zao. Na kwa mbele? Hapa ndipo nilipofurahi. Walichukua etriye, kile kibano kinachokamata diski, toka kwa pick-up ya Toyota 4x4 ya miaka ya 1980 mwanzoni. Ndiyo, Hilux! Ndugu ya ile inayobeba magunia ya mihogo na watu juu. Etriye ya Datsun iko na pistoni mbili, ya Toyota iko na nne, na matundu ya bulo yanaingiana.

Lakini kuingia si kufanya kazi. Pistoni zikiongezeka, zinaomba mafuta mengi, na pedali inashuka chini sana. Kwa hiyo wengi walibadilisha pia pampu ya freni: toka kipenyo cha milimita 22 hivi kwenda karibu 24. Tena iko swali la uwiano. Ukiimarisha mbele tu, magurudumu ya nyuma hayasaidii kitu. Ukizidisha nyuma, yanajifunga ya kwanza, gari inazunguka kama pia.

Suspensio nayo ni vile vile. Resori fupi na ngumu ni nzuri kwa lami. Tangu 2003 kuna Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani huko Afrika ya Mashariki, na kule gari inainuliwa, haishushwi. Amortisere inachaguliwa kufuatana na njia. Uzuri wake kwa picha hausaidii kitu.

Sisi wa agronomia tunaijua hesabu hii. Unapopandikiza mwembe, hauangalii tu kama tawi ni la aina bora. Unaangalia kama maganda mabichi yanakutana, na kama mizizi itaweza kulisha. Tawi bora juu ya shina lisilolingana linakauka.

Kwa nini ninaandika haya? Juu ya njia ya Manono. Vijana wetu wanaongeza kwanza nguvu ya moto, kisha mzigo, kisha abiria wa pili na wa tatu. Freni inakuja mwisho, na mara nyingi ni kipande chochote kilichopatikana sokoni. Wale wa 240Z walifuata njia nyingine: waliuliza kwanza gari itasimama namna gani.

Mafundi wetu wako na mikono. Kinachokosa mara nyingi ni kipimo: kipenyo cha pistoni, unene wa diski, uzito wa mzigo. Hicho sisi tulijifunza kwa masomo, hata kama ilikuwa kwa kupima mashina na mbegu. Basi twende garaji na rula na kalamu, tukae karibu na fundi, tupime pamoja naye kabla ya kufunga. Na siku tutakapomuona anashika freni ya Hilux akitafuta pa kuifunga, tusicheke. Tumuulize tu: «Na pampu, fundi, ni milimita ngapi?»