Nyumba ya Kampuni na Hesabu ya Jamaa: Makambi ya Union Minière

Katika makambi ya Union Minière du Haut-Katanga, nyumba ilikuwa sehemu ya ujira, kama ilivyokuwa posho. Sheria za kazi za kikoloni zilimtwika mwajiri wajibu wa kumpatia mfanyakazi malazi. Mkaaji mwenyewe hazikumwachia njia ya kudai nafasi zaidi. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza yaliyotokea kila nyumba ilipoonekana kujaa kupita kiasi.

Baada ya kazi ya kuyeyusha shaba kuanza Elisabethville mwaka 1911, vijana walioandikwa kwa miezi michache walirundikwa pamoja, na nimonia na homa ya matumbo ziliwaua wengi. Kampuni ilirekebisha hali hiyo, lakini kwa hesabu yake yenyewe: kuandika watu wapya kila mara kutoka mbali kulikuwa ghali. Kuanzia mwaka 1928 hivi ilikazia mikataba ya miaka 3, ikawahimiza wanaume waje na wake zao, ikajenga nyumba za matofali.

Hapo swali likageuka. Nani ahesabiwe kuwa jamaa? Kwa kampuni, jamaa ni mke mmoja na watoto. Kwa mkaaji, mdogo wake aliyetoka kijijini kutafuta kazi, mpwa anayesoma na mama mzee, wote ni watu wa nyumba ile. Kibali cha kukaribisha mgeni kilitolewa na mkuu wa kambi, ambaye watu walimwita Changachanga, jina linalofasiriwa kuwa mwenye kuchanganya watu. Asiye na kibali aliondolewa. Nyumba ikijaa, basi, hakikuongezwa chumba, walipunguzwa watu.

Njia za kulalamika zilikuwa finyu. Mgomo wa Desemba 1941, uliodai hasa nyongeza ya mishahara, ulijibiwa kwa risasi mjini Elisabethville tarehe 9. Mabaraza ya wafanyakazi yaliyoundwa kuanzia 1946 yaliruhusiwa kutoa maoni, si kuamua. Na aliyeacha kazi, hata kwa uzee, aliiacha na nyumba.

Makambi hayo yalirithiwa na shirika la taifa mwaka 1967, lililokuja kuitwa Gécamines. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri anayemhamisha mfanyakazi, au kumwajiri mbali na mahali pa kazi, ampatie yeye pamoja na jamaa yake nyumba ya heshima, la sivyo amlipe fidia inayolingana.