Mkataba wa Tabia ya Nchi na Msitu wa Kashuga: Kutoka Rio hadi Paris

Kashuga ni kituo kidogo cha Bashali, katika Kivu ya Kaskazini, kwenye njia itokayo Mweso kuelekea Kalembe na Pinga. Upande wa mashariki, sehemu kubwa ya milima ya Masisi imekwisha kugeuzwa malisho na mashamba. Upande wa magharibi huanza msitu mkubwa wa Walikale. Kwa miaka mingi kituo hiki kimepokea watu waliohamishwa na vita, nao hupika kwa kuni na kwa makaa, yaitwayo makala katika usemi wa Kivu. Hapa ndipo panapofaa kuuliza: mkataba uliotiwa sahihi ng'ambo humfunga nani, na hufikaje kwenye shina la mti?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Mabadiliko ya Tabia ya Nchi ulifunguliwa kutiwa sahihi mjini Rio de Janeiro mwezi Juni 1992, ukaanza kutumika tarehe 21 Machi 1994. Ulikuwa mkataba wa msingi tu: uliweka shabaha, ukaanzisha mkutano wa kila mwaka wa nchi wanachama, ukaamuru kila nchi itoe hesabu ya gesi zake. Wajibu uligawanywa kwa kadiri ya uwezo na lawama ya kila nchi. Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, iliuridhia Januari 1995. Miezi michache tu kabla ya hapo, Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walikuwa wamefika Goma, na misitu ya Virunga ikakatwa kwa ajili ya kuni. Hakuna kifungu cha mkataba kilichoweza kuuzuia ukataji huo.

Itifaki ya Kyoto ya mwaka 1997 iliongeza ukali. Nchi zenye viwanda ziliwekewa viwango vya lazima, kupunguza kwa jumla asilimia 5 hivi chini ya kiasi cha mwaka 1990, kati ya 2008 na 2012. Kongo haikuwekewa kiwango. Lakini itifaki hiyo ilikuwa na upungufu mkubwa kwa nchi za misitu: katika biashara yake ya hewa na nchi maskini, aliyepanda miti mipya aliweza kulipwa, aliyeutunza msitu uliosimama hakupata kitu. Ni mwaka 2005, mkutanoni Montreal, ambapo Papua New Guinea na Costa Rica ziliomba kasoro hiyo irekebishwe.

Makubaliano ya Paris ya Desemba 2015 yaliutambua msitu uliosimama, lakini yalibadili namna ya kufunga. Kila nchi hujiandikia ahadi yake na kuiandika upya kila baada ya miaka 5. Kinacholazimishwa ni kutoa ahadi na kutoa hesabu. Kuitimiza ahadi hakuna adhabu inayokulazimisha. Marekani ilijitoa mwaka 2020, ikarudi 2021, ikatangaza tena kujitoa 2025, pasipo kutozwa faini yoyote.

Ahadi ya Kongo ya mwaka 2021 yaonyesha utaratibu huo waziwazi. Nchi iliahidi kupunguza asilimia 21 ifikapo 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwapo bila juhudi yoyote. Katika hizo, asilimia 2 tu ni kwa nguvu zake yenyewe. 19 zategemea msaada wa nje. Na fedha za nje hufuata hesabu: mtoaji hulipa tani iliyopimwa na kuthibitishwa. Ndiyo maana mapatano ya mwaka 2018 na Benki ya Dunia, ya hadi dola milioni 55, yalihusu Mai-Ndombe, magharibi mwa nchi, ambako wapimaji waweza kuingia msituni. Kivu ilipata miradi midogo zaidi, kama ule wa kupanda miti ya makala ulioanza 2007 kandokando ya Virunga.

Yafuata kwamba mkataba huifunga dola, wala haumfungi mchoma makala. Daraja kati yao ni sheria ya nchi. Kanuni ya Misitu ya 2002 na amri ya 2 Agosti 2014 huiruhusu jamii kupewa msitu wa mababu zake, hadi hekta 50,000, bila kikomo cha muda. Baadhi ya jamii za Walikale zimekwisha kupata hati hizo. Kwa mwenyeji wa Kashuga, hati ya namna hiyo ndiyo ingemfanya awe mshiriki anayeweza kudai sehemu yake katika malipo. Lakini hati hutaka mipaka itembelewe, majirani wakubaliane, na wenye msitu wawe nyumbani. Na watu waliokimbia hawawezi kuonyesha mpaka. Amani, ambayo mkataba wa tabia ya nchi hauitaji miongoni mwa masharti yake, ndiyo sharti la kwanza mahali hapa.