Kujengeana Uwezo

Kujenga uwezo ni maneno ambayo kiongozi yeyote wa asasi ya kijamii nchini Tanzania ameyakuta katika andiko la mradi, barua ya mfadhili na bango la ukumbi wa semina. Agenda 21, mpango uliopitishwa Rio mwaka 1992, uliitengea dhana hii sura nzima, ya 37. Katika asasi, uwezo ni zaidi ya mafunzo: ni kutunza vitabu vya fedha, kuendesha vikao kwa mujibu wa katiba, kumwandaa katibu mpya kabla wa zamani hajaondoka, na kuwasilisha taarifa ya mwaka inayodaiwa na Sheria Na. 24 ya 2002 ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali.

Magazeti yetu yameizoea kauli ya kutendewa: viongozi wamejengewa uwezo. Kauli hiyo inaeleza kwa usahihi kinachotokea. Mjenzi ametoka nje, wanaojengewa wamekaa vitini. Mweka hazina anarudi na kabrasha na cheti, na siku akihama, uwezo unahama naye, maana alijengewa yeye, asasi haikuguswa.

Kujengeana uwezo, msemo ambao tayari umo midomoni mwa watu, unafaa zaidi panapohusika kujifunza kwa pamoja. Asasi mbili tatu za wilaya moja zinakutana, kila moja na madaftari yake. Mweka hazina wa kikundi cha walezi wa yatima anaonyesha anavyoambatanisha hati ya malipo na muhtasari wa kikao kilichoidhinisha matumizi. Mwenzake wa kikundi cha watu wenye ulemavu anauliza: wewe ukisafiri, nani anasaini? Hapo ndipo katiba inafunguliwa, na pengine inaonekana kwamba haisemi. Kikao kinachofuata, kila mmoja anaeleza alichojaribu na kilichokwama.

Jean Lave, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliona elimu ya namna hii kwa mafundi cherehani wa Liberia katika miaka ya 1970. Wanagenzi walianza na vifungo na pindo, kazi za mwisho za vazi, na kukata kitambaa kukaja baadaye. Mwaka 1991, katika kitabu alichoandika na Etienne Wenger, watu wanaofundishana ndani ya kazi yao walipewa jina ambalo wengine hulitafsiri jumuiya ya watendaji. Siipendi tafsiri hiyo. Tanzania, mtendaji ni afisa wa kata au kijiji, na msikilizaji atadhani ni chama cha maafisa hao. Jumuiya ya wenye kazi moja ni ndefu kidogo, lakini inaeleweka hata kijijini.

Kauli ya kutendeana, kama kujengeana, haikubali mtenda mmoja. Kwa hiyo andiko linaloahidi kujengeana uwezo lieleze kila asasi italeta ujuzi gani, na bajeti yake itenge nauli za kutembeleana, badala ya kuishia kwenye ukumbi wa hoteli na posho za mwezeshaji.