Tuzo: Asili ya Neno na Mwenendo Wake

Neno tuzo likitajwa leo, aghalabu msomaji hufikiri kikombe, hati au hundi itolewayo na jopo la waamuzi. Maana hiyo ni halali, lakini ni tawi tu. Shina lingali uwanjani, katika ngoma na taarabu.

Kwa umbo, tuzo ni nomino iliyotokana na kitenzi tuza kwa kiishio -o, kama pambo na pamba. Kitenzi hicho kina umbo la pili, tunza, lenye maana pia ya kulea na kuhifadhi; ndiyo sababu tunzo nayo husikika.

Katika Unguja, ambako chama cha Ikhwani Safaa kiliundwa mwaka 1905, na pwani ya Kenya vilevile, msikilizaji wa taarabu aliyeguswa na ubeti hatosheki na makofi. Hujongea kwa madaha hadi alipo mwimbaji, akamtia noti mkononi mbele ya hadhara. Kitendo hicho chamsifu fundi. Tena chatangaza kwamba maneno yaliyoimbwa yana mwenyewe. Ubeti ukiwa wa mafumbo, hasimu aliyeko ukumbini huelewa bila kuelezwa. Hapo fedha imekuwa usemi.

Hapana budi kupambanua tuzo na jirani zake. Hongera yaweza kuishia mdomoni. Hongo, ambayo katika karne ya 19 ilikuwa ushuru wa nguo uliotozwa misafara ipitayo Ugogo, leo ni mlungula utolewao faraghani ili jambo litendwe. Tuzo hufuata tendo, nayo hutolewa peupe.

Neno lilipohamia katika taasisi, mtoaji alibadilika, lakini usemi haukufa. Mwaka 1974 *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Mashairi hayo yalitungwa gerezani, alimofungwa mshairi kuanzia 1969 hadi 1972 chini ya serikali ya Kenyatta mwenyewe. Tuzo ile ilisema zaidi ya hati yake, kama noti ya ukumbini.

Siku hizi huandikwa "alitunukiwa tuzo", pahali ambapo "alituzwa" lingetosha. Kutunuku kwamfaa mkuu wa chuo atoaye shahada. Kutuza ni kwa yeyote aliyeguswa, awe mkubwa au mdogo. Kitenzi hicho kikiachwa, lugha itabaki na zawadi, bali itakuwa imempoteza msikilizaji.